Naombeni ushauri: zoezi la trisepsi (msuli wa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko) kwa mkono mmoja, kiwiko kinaniuma

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nipo Kirumba hapa Mwanza, hela ya jimu sina kwahiyo natumia uzito wa mwili tu, napiga tizi asubuhi kando ya ziwa kabla jua halijachoma. Kuna hili zoezi unashika kitu cha usawa wa kiuno, mwili umenyooka kama ubao, unakunja kiwiko mpaka kichwa kinapita chini ya kiganja alafu unajisukuma kurudi, yani kazi yote ya trisepsi. Kwa mikono miwili napiga 15 safi, seti 3. Sasa nikajiona nimekua, nikahamia mkono mmoja kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, ya kwanza ikapanda, ya pili kiuno kikapinda, ya tatu nikadondokea ndani kwenye mabaki ya dagaa, wavuvi walicheka balaa.

Tangu juzi nikinyoosha mkono naskia kitu kinachoma kwenye ncha ya kiwiko, sio msuli wenyewe, pale unapojishika kwenye mfupa. Hata ndoo ya maji naiogopa.

Nirudi ukutani kwanza, maana ukishika juu zaidi uzito unapungua, alafu nishuke taratibu? Au mkono wa pili usaidie kwa vidole viwili? Miguu naitanua kiasi gani mwili usizunguke? Na pushapu za kawaida niendelee nazo au nipumzike kabisa? Aliyefika levo hii anielekeze, msiniambie tu ninunue dambeli.