Natafuta polisi (fonti) nene ya burashi, yenye A zake hazifanane

kijana_birere
Jambo ba ndugu, niko Goma. Natafuta polisi ya maandishi (si ya barabarani ah!), nene, ionekane mtu aliandika na burashi kwa mkono. Kuko mama wa malewa (mgahawa mdogo) huku Birere anataka kibao cha mita 2 na tisheti 5 za wenye kumsaidia. Nilipata moja ya bure kwa intaneti, mwanzo nikafurahi, kisha nikaandika SAMAKI nikaona zile A mbili ni mapacha, ata mkwaruzo wa nywele za burashi uko pahali pamoja, basi uongo ukaonekana palepale. Tena CAFÉ imetoka CAF na kisanduku kitupu, mama ananiuliza hiki kidirisha ni cha nini. Nifanye aje?

mchapaji_bkv
Fungua meza ya herufi zote mu programu yako, fonti zingine ziko na A ya pili na ya tatu zimefichwa. Kama hamna, geuza neno likuwe vekta (umbo la kuchora, si maandishi tena), A moja uinamishe kidogo, mguu uufupishe. Ile É isikusumbue: chukua koma ya fonti hiyohiyo, panda nayo juu ya E, njo aksenti hiyo, hakuna atajua. Ao tafuta fonti Choc ya Roger Excoffon, Mfaransa, ya 1955, ni ndugu mnene wa Mistral yake ya 1953. Mistral iko ndani ya Word ya batu wengi ila kwa mita 2 naona ni nyembamba, na usiiandike herufi kubwa tupu, ilitengenezwa herufi zishikane mikono.

tisheti_goma
Kibao sawa, lakini kwa tisheti utalia. Ile mikwaruzo ikikatwa na mashini ya vinili (plastiki ya kubandika) inakuwa vipande kama vichwa vya sindano, unatoa kimoja kimoja na pinseti. Mimi nililala saa tisa ya usiku juu ya neno moja!! Jaza matundu kwanza. Na usome leseni, "bure" zingine ni za nyumbani tu, kazi ya kulipwa wanakataza.

mzee_wa_rangi
Kijana, unatafuta mashini ijifanye mkono na mkono unao. Burashi bapa, rangi nyeusi, karatasi nyeupe, andika SAMAKI mara kumi bila kurudilia mstari, piga picha, ingiza kwa kompyuta.

kijana_birere
Mzee nimeandika mara kumi na nane 😅 K imetoka kama mtu anaruka mfereji, mama ameipenda hiyohiyo. CAFÉ nimeacha kwa fonti, na koma juu. Sasa anataka niongeze na SOMBE (kisamvu), na burashi imeshakauka.