MREJESHO: Stoku kusoma hasi kwenye Tally (programu ya mahesabu ya biashara), duka la vifaa vya ujenzi

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuona, mwezi wa tano niliuliza hapa, nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, nimeweka Tally halafu stoku inasoma hasi na faida inayotoka haieleweki.

Asanteni sana, hasa mdau aliyeniambia niache kuingiza madaftari ya miaka mitatu nyuma, nilikuwa nakufa bure. Jumapili moja tumefunga duka tukahesabu mzigo wote, nikaanza upya na salio la kuanzia tarehe 1 Julai. Ile hasi kumbe kijana wa kaunta alikuwa anauza saruji kabla sijaingiza manunuzi yake, siku hizi mzigo haushuki kwenye gari mpaka invoisi iingie.

Kosa la pili ni langu mwenyewe, nilikuwa naandika mauzo ya 118,000 yote kama mapato wakati 18,000 humo ni VAT (kodi ya serikali, si hela yangu), ndo maana faida ilikuwa inapendeza hivyo. Na hela ya nyumbani nimeitenga pembeni isisomeke kama matumizi ya duka (mke wangu kaona jumla yake, tumenuniana siku mbili).

Kilichokataa ni misumari. Nanunua kwa boksi nauza kwa kilo, mkasema niweke yuniti mbili, nimeweka, bado kila mwisho wa mwezi zinapungua kilo kadhaa. Nashuku mizani kuliko programu. M-Pesa nayo ina leja yake (akaunti yake pekee humo kwenye Tally) sasa ila makato nalinganisha kwa mkono na stetimenti.