MREJESHO: Ule ukuta wa nyumba ya bibi Mji Mkongwe

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu nyumba ya marehemu bibi pale Unguja, ukuta unatoa maji na plasta ya simenti inabanduka kila mwaka, nusu yenu mkasema nipige simenti nzito zaidi, nashukuru sikuwasikiliza 😂

Fundi mmoja mzee kaja kagonga ukuta, kabandua kipande, nyuma yake mawe ya matumbawe yameloa na chumvi nyeupe kama unga. Akaniambia jiwe hili linapumua, mmeliziba pua. Basi tumetoa simenti yote, tukaacha ukauke miezi mitatu (hapo nilitamani kukimbia), ndo tukapaka chokaa na mchanga, nyembamba nyembamba, chokaa yenyewe ililowekwa kwenye pipa wiki kadhaa.

Boriti za mikoko mbili tu zimeoza, tumebadilisha. Dada alitaka sebule ipanuliwe, wapi, upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Kibali kilichelewa maana mji uko urithi wa dunia tangu 2000, hata dirisha unaombea ruhusa.

Masika imepita, ukuta mkavu. Kimebaki choo, fundi bomba ananizungusha wiki ya pili sasa.