Utani wa Simba na Yanga unaishia wapi, na matusi yanaanzia wapi? Tupeane uzoefu

Mkaa Mzunguko (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Kila dabi ya Kariakoo ikipita, simu zetu zinabaki na vitu ambavyo huwezi kumfungulia mama yako asikilize. Kesho yake ukimuuliza aliyetuma, jibu ni lile lile: "ni utani tu." Naomba tujadili kwa vitu vya kushika mkononi. Mpaka uko wapi, na ukivukwa, anayesimamia grupu, kibanda umiza (ukumbi wa mtaani wa kuonyesha mpira) au basi la mashabiki afanye nini. Visa vya fulani kumtukana fulani tuviweke pembeni.

Naanza na kipimo changu: utani wa mpira huwa unaisha muda wake. Chukua "Mwakarobo". Simba walibandikwa jina hilo kwa sababu kila wakifika robo fainali za mashindano ya Afrika ya CAF safari inaishia hapo. Lilichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Aprili 2025 wakaitoa Al Masry, wakaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, na jina likakosa pa kusimama. Upande wa pili ni vile vile. Simba walipobeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, Wananchi, yaani Yanga, walisemwa mchana na usiku. Kuanzia 2022 hadi 2025 kombe likahamia Jangwani, maneno yakageuka. Tano za Simba za 6 Mei 2012, ile 5-0, zilikuja kujibiwa na tano za Yanga za 5 Novemba 2023, ile 5-1. Deni la aina hiyo linalipika, timu ikijituma limekwisha.

Sasa mseme mtu rangi yake, kabila lake, dini yake, ulemavu wake, mama yake mzazi. Hata timu yake ibebe Ligi ya Mabingwa Afrika, hana cha kukurudishia. Hapo ndipo ninapochora mstari.

Mzee wa Kahawa

Umeanza vizuri mwanangu. Naongezea mzizi wa neno lenyewe, maana vijana mnasema "watani wa jadi" bila kuupima uzito wake.

Utani wa Wangoni na Wahehe, au wa Wanyamwezi na Wazaramo, haukuwa ruhusa ya kuropoka. Ulikuwa na kazi zake. Mtani ndiye aliyekuja msibani kuchimba kaburi, kuteka maji na kupika, na ndani ya kazi hiyo akapewa ulimi. Anaweza kujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Anaweza kumuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ulimi ule ulilipiwa kwa jembe. Kwa hiyo shabiki wa timu pinzani ambaye ukifiwa hatakuja kukaa na wewe kwenye mkeka, huyo hana utani na wewe, ana maneno tu.

Tena mtani hujulikana. Refa si mtani wako. Mchezaji aliyeshuka na ndege mwezi uliopita kutoka Burkina Faso au Kongo si mtani wako, na kumwita mkimbizi ni kumtukana yeye na kila mkimbizi aliyepokelewa Kigoma. Mke wa kipa hayumo. Mtoto aliyevaa jezi kwenda dukani hayumo.

Na kifo cha mtu halisi hakiguswi. Patrick Mafisango alikuwa kiungo wa Simba, akafariki kwa ajali ya gari 17 Mei 2012, siku 11 tu baada ya zile 5-0. Zitanie zile tano mpaka uchoke, lakini jina la yule kijana lisiingie humo.

Msimbazi–Jangwani

Shikamoo mzee. Kwa faida ya wageni, majina yanayokubalika pande zote ni yale yanayogusa klabu na kueleweka yalikotoka. "Vyura" ni kwa sababu makao ya Yanga yako Jangwani, bonde linalojaa maji kila mvua kubwa ikinyesha. "Paka" ni simba aliyepunguzwa kimo. "Mbumbumbu" lilitoka kinywani mwa kiongozi wa Simba wenyewe akiwasema wanachama wake, watani wakaliokota. Utopolo na Kandambili kwa Yanga, Kolo na Mikia kwa Simba, yote hayo mtu anaitwa na anaitikia.

Angalia kinachotokea jina likihama. "Kolo wamefungwa tena" ni utani. "Wewe Kolo, ndiyo maana hata mkeo…" si utani tena, ingawa neno la mwanzo ni lile lile. Jina la klabu limegeuzwa kisu cha kumchomea mtu. Ukisimamia watu usipige marufuku maneno, utashindwa, maana mapya yanazaliwa kila msimu. Angalia nani anasemwa: klabu au mtu.

Kipyenga

Naongelea uwanjani, hasa Benjamin Mkapa, maana watu 60,000 ni mji.

Ukisikia kauli ya kibaguzi usimfuate mtu peke yako na usimsogezee simu usoni. Nusu ya ugomvi wa jukwaani huzaliwa na hiyo simu. Nenda kwa msimamizi mwenye kizibao au askari aliye karibu na ngazi, mpe vitu hivi: jukwaa na rangi ya viti, safu ya ngapi kutoka chini, dakika ya mchezo, nguo alizovaa, na neno lenyewe alilotamka. Narudia hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalopoteza kesi nyingi. Taarifa ikiandikwa "alitoa lugha chafu", kamati itakayokaa baadaye haina cha kupima. Lugha chafu ni nini? Kila mtu ana yake. Andika neno kama lilivyosemwa, hata kama linakuumiza mkono kuliandika. Ripoti ya kamishna wa mchezo inajengwa na maelezo ya namna hiyo, na klabu inaweza kuadhibiwa kwa makosa ya mashabiki wake, kwa hiyo hata viongozi wa matawi wana sababu ya kukusikiliza.

Kwa wachezaji na makapteni, hata wa ligi za wilaya: FIFA ina hatua tatu. Kwanza mwamuzi anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa kwa vipaza sauti. Ikiendelea, timu zinaingia vyumbani kwa muda. Ikirudi tena, mchezo unavunjwa. Tangu Mei 2024 ipo pia ishara ya kupishanisha mikono kwenye vifundo vyake, juu kidogo ya viganja, mchezaji akimwonyesha mwamuzi kwamba amebaguliwa. Kinachoharibika ni kwamba mchezaji hajafundishwa ishara hiyo, anachemka, anarusha mpira jukwaani au anapandisha kidole, na anayepewa kadi ni yeye. Kapteni ndiye wa kumuwahi mwamuzi, aliyetukanwa ashikwe na mwenzake mmoja asogezwe mbali na jukwaa.

Kwamba ushahidi unazaa matunda tumeona Hispania. Ubaguzi aliofanyiwa Vinícius Júnior, mchezaji wa Real Madrid, pale Valencia 21 Mei 2023 ulifika mahakamani, na Juni 2024 watu watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8 na kutokanyaga uwanjani miaka 2.

Mama Kibanda

Huku kwenye vibanda umiza hakuna kamishna, kuna mwenye kibanda. Ninayoyaandika yanafaa kwa ukumbi wa mabenchi, watu 60 hadi 100.

Mabenchi yote yatazame skrini. Ukiyapanga ubavuni, pande mbili zinatazamana, na goli likiingia mtu anamshangilia mwenzake usoni badala ya kuitazama timu yake. Acha njia katikati, upana wa mtu kupita na kreti ya soda bila kugusa magoti. Kanuni zisemwe kabla ya mpira kuanza, kwa mdomo, sentensi moja au mbili: "Timu semeni mtakavyo, mtu na mzazi wake hapana. Ukitoka hurudi na kiingilio hakirudi." Ukingoja ugomvi uanze ndipo useme, wataona unapendelea upande.

Anayemtukana mchezaji mmoja kwa jina, dakika za mwisho, tena kwa hasira isiyolingana na mchezo, muangalie mkononi. Mara nyingi mkeka (tiketi yake ya kubeti) umechanika. Huyo hana ushabiki wala utani, ana hela iliyopotea, na ukimjibu kishabiki unamuongezea moto. Mpe maji, mtoe nje kwa upole, ongea naye mambo mengine.

Kuhusu wanawake niseme wazi. Kumkumbatia au kumshika mwanamke asiyekujua kwa kisingizio kwamba goli limeingia ni udhalilishaji, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo hayo. "Nani kakutuma uje kuangalia mpira" nayo inawafukuza wateja kimya kimya; hawalalamiki, hawarudi tu.

Filimbi ya mwisho ikilia usizime skrini. Acha uchambuzi uendelee dakika kumi, waliofungwa watoke kwanza, washindi wabaki washangilie ndani. Mapigano mengi hutokea mlangoni, pale wanaposongamana wote kwa pamoja.

Admin Mchovu

Grupu la WhatsApp la watu 200 wenye timu mchanganyiko, hivi ndivyo linavyokaa sawa.

Maelezo ya grupu yaandikwe kanuni tatu, zisizidi hapo, maana ndefu hazisomwi. Wasimamizi wawe angalau wawili na wawe wa timu tofauti; anayemfuta Yanga awe Yanga mwenzake, anayemfuta Simba awe Simba. Hili pekee linaondoa robo tatu ya malalamiko ya upendeleo. Dakika tano kabla ya mpira kwisha, ukiona joto limepanda, badilisha mpangilio ili wasimamizi pekee watume ujumbe, kisha fungua baada ya nusu saa. Watu watakununia. Asubuhi watasahau.

Ujumbe mbaya msimamizi anaweza kuufuta kwa wote, lakini kabla ya kufuta piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Mkosaji mwite inboksi. Ukimkemea mbele ya watu 200 ataongeza ili asionekane ameshindwa.

Tatizo kubwa siku hizi ni stika. Uso wa mchezaji umebandikwa kwenye mwili wa nyani, au picha ya mwenye ualbino imewekewa maneno ya kumdhihaki. Hapa kwetu watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina, hivyo hakuna dhihaka ndogo kwenye jambo hilo. Stika haina mwenyewe, kila mtu anasema "nimeikuta". Kanuni iwe kwamba aliyeituma ndiye mwenye nayo.

Shemeji wa Kakamega

Huku Kenya Gor Mahia na AFC Leopards tunaita dabi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana sana. Jina lenyewe linasaidia, shemeji unamchokoza lakini hufiki kwa dada yake. Hatari yetu ni kwamba klabu zimefungamana na makabila, kwa hiyo wimbo wa K'Ogalo (Gor Mahia) au wa Ingwe (Leopards) ukiingia kwenye kabila na siasa, hasa mwaka wa uchaguzi, unageuka haraka. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaweka hadi faini ya shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka 3 kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Viongozi wa nyimbo jukwaani wanapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana wao ndio wanaoanzisha.

Wakili wa Mtaa

Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inahusu unyanyasaji mtandaoni: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Matusi ya kibaguzi yana kifungu chake cha 18. Ya ana kwa ana yanayoweza kuvunja amani yako kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89.

Ukitukanwa mtandaoni usijibu tusi kwa tusi, kwa sababu simu yako nayo itasomwa. Usifute mazungumzo na usimblokie kwanza. Piga picha za skrini, hamisha gumzo lote litoke kama faili, andika kiungo cha akaunti na si jina la kuonyesha tu, maana jina linabadilishwa kwa sekunde. Kisha ndiyo umripoti kwenye programu na umzuie. Nenda kituoni ukiwa na simu yenyewe pamoja na nakala zilizochapishwa, chukua RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi), tunza namba yake. Shahidi mmoja aliyekuwemo kwenye grupu ana thamani kuliko picha 20 zilizosambazwa na watu wasiojulikana.

Tawi Jipya

Asanteni wakubwa. Swali langu dogo: tunaandaa jeneza la watani kwa ajili ya dabi. Hilo nalo ni kosa?

Mzee wa Kahawa

Jeneza ni utani wa kale mwanangu, mradi mzike klabu. Tumieni maboksi au mbao nyepesi, mpake rangi za timu, muandike idadi ya magoli. Msiweke picha ya mchezaji, wala jina la mtu aliye hai, wala sanda ya kweli, wala aya za dini ya mtu yeyote. Mkiwa njiani kwenda uwanjani msipite mbele ya hospitali. Na mkikutana na msiba wa kweli barabarani, lishusheni chini, vueni kofia, ngoma zinyamaze mpaka wenzenu wapite.