Familia ya Kwa Bibi: mkono wa Zuhura

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Jamani, mkono wa kulia bado. Tangu lile gari litugonge kwa nyuma pale Kimara, maumivu yanaanzia shingoni, yanapita begani mpaka kidole gumba. Usiku ni kama shoti ya umeme. Leo kikombe kimenidondoka, vidole havikushika.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu, pole. Lakini si walisema picha haina kitu?

Zuhura: Ndiyo shangazi, eksirei safi. Daktari kaniandikia diklofenaki tena, ile dawa ya maumivu, akasema nipunguze mawazo. Nimerudi nalia.

Rama: Mawazo gani na mtu anaangusha vyombo! Pole sana dada.

Baba Mdogo Salum: Pole binti yangu. Kuna mzee huku Mbagala anavuta shingo, mke wa jirani alipona kabisa.

Hadija: Shikamoo baba mdogo. Nakuomba sana, shingo isivutwe na mtu kabla haijajulikana ina nini. Kama diski, ile nyama laini iliyo kati ya mifupa ya shingo, imetoka na kubana mshipa wa fahamu, kuvuta kunaweza kumharibia zaidi.

Baba Mdogo Salum: Marahaba. Basi tuelekeze wewe unayefanya kazi wodini.

Hadija: Zuhura, eksirei inaonyesha mifupa. Diski na mishipa ya fahamu haionekani humo. Picha safi maana yake hukuvunjika, basi. Maumivu yako ni ya kweli. Niambie, ganzi iko vidole gani? Ukiangalia juu inakuwaje? Na miguu je, haja ndogo?

Zuhura: Gumba na cha shahada. Nikiinua uso kuanika nguo, moto unashuka mkono mzima. Nikiweka kiganja juu ya kichwa napata nafuu. Miguu mizima, haja kawaida.

Hadija: Hayo ndiyo ya kumwambia daktari, neno kwa neno. Ukisema "mkono unauma" tu, utaandikiwa dawa ya maumivu uondoke. Ganzi ya gumba na shahada mara nyingi huelekeza kwenye mshipa wa fahamu wa sita wa shingo. Cha kati ni wa saba. Kidole cha mwisho ni wa nane, au mshipa unaopita kwenye kiwiko. Mimi sikupi jibu, anayetoa jibu ni atakayekupima: nguvu za mkono, hisia, na kile kinyundo cha kugonga viungo. Uliwahi kugongwa na kinyundo?

Zuhura: Hapana. Hata shingo hakuigusa.

Hadija: Basi hujapimwa bado. Omba rufaa ya MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana madaktari wa mifupa na wa mishipa ya fahamu. Wao wataamua kama unahitaji MRI ya shingo, picha inayoonyesha diski na mishipa, au kipimo cha umeme wa mishipa. Na diklofenaki usiendelee nayo kila siku bila kuuliza, inaumiza tumbo na figo. Maumivu ya mshipa yana dawa zake, amitriptilini, pregabalini, ila ziandikwe na daktari, zinaleta usingizi.

Shangazi Mwajuma: Na sukari? Kwetu ipo.

Hadija: Umewaza vizuri shangazi. Ganzi ya sukari kwa kawaida huanzia miguuni, miguu yote miwili, lakini apime tu.

Rama: Dada, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, unayo? Na risiti za dawa? Bima ya gari lililowagonga itazitaka.

Zuhura: PF3 ipo, nakala. Risiti nyingine nimetupa.

Rama: Zilizobaki nipigie picha leo, nitazitunza. Pesa ya MRI tutachangishana hapa, usiiwaze.

Baba Mdogo Salum: Rufaa ikitoka Ijumaa, Jumatatu alfajiri nakupitia na gari. Ya mzee wa Mbagala tumeacha.

Hadija: Asante baba mdogo. Zuhura, katikati hapo miguu ikilegea, haja ikizuilika au ikijitokea yenyewe, au ukipata ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, usisubiri Jumatatu. Nenda emajensi usiku huohuo, unipigie.

Zuhura: Nimeandika yote kwenye daftari. Mungu awalipe.

Shangazi Mwajuma: Mtoto mlete kwangu Jumapili jioni, na sare zake za shule.