Sebule inatazama magharibi, jioni hakukaliki: nianze na mti, neti au kiyoyozi?

Mama Pazia

Habarini wakuu. Naomba ushauri kabla hatujatumbukiza hela nyingine shimoni.

Sebule yetu inatazama magharibi. Ina dirisha moja la vioo vya kuteleza, upana kama mita mbili na nusu, na mlango wa mbele uko kwenye ukuta huohuo. Asubuhi hapo ni raha tupu. Saa tisa alasiri jua linaanza kuchungulia, na saa kumi na moja limeshafika kwenye kochi la mwisho. Kochi hilo upande wa ndani maua ya kitambaa bado yanaonekana vizuri, upande wa dirishani yamepauka hadi huwezi kujua yalikuwa maua au madoa.

Tumeshajaribu mambo mawili. La kwanza ni mapazia mazito, rangi ya damu ya mzee. Mwanga yanaziba kweli, ila ukipitisha mkono kati ya pazia na kioo unahisi kama umefunua sufuria inayochemka. La pili, mwaka juzi tulimwaga zege mbele yote, kutoka ukutani hadi kwenye uzio, maana mvua ikinyesha tope lilikuwa linaingia na viatu hadi chumbani. Tope limekwisha. Lakini saa tatu usiku nikitoka peku naona zege bado lina moto, na ndani watoto wanalala sakafuni.

Sasa nyumba imegawanyika. Mume wangu anataka kiyoyozi. Mimi nataka mti. Mama mkwe, tunaishi naye, hataki hata kusikia: "Nani atafagia majani?" Na kwa haki yake, anayefagia ni yeye, kila alfajiri, hata ukimficha fagio.

Nafasi ya mbele ni mita sita tu. Bomba la maji safi linapita kushoto ukiwa umesimama mlangoni unatazama nje, shimo la majitaka liko kulia kwenye kona. Ningekuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, nifanye lipi?

Mzee wa Kenchi

Dada, jibu umejipa mwenyewe ulipopitisha mkono nyuma ya pazia.

Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila kikwazo. Ukishagonga pazia, hasa la rangi nzito kama hiyo, unageuka joto, na joto la namna hiyo kioo hakiliachii litoke nje kirahisi. Pazia lako limekuwa jiko, tena umelitundika ndani. Kivuli kinatakiwa kiwe nje, jua likamatwe kabla halijagusa kioo.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia kurefusha paa. Kwa dirisha la magharibi hiyo ni nusu hasara. Jua la saa saba liko juu, ukingo wa paa unalizuia. La saa kumi na moja limeshashuka, linapita chini ya ukingo kama mbuzi chini ya seng'enge. Unahitaji kitu kinachosimama wima mbele ya dirisha: neti ya kivuli ya wakulima, au pazia la mianzi la kukunja, linaloshushwa alasiri na kupandishwa asubuhi. Lisiguse kioo. Acha nafasi ya kiganja au zaidi ili hewa moto ipande itokee juu.

Halafu kuna jambo umelisema kwa kupita. Dirisha na mlango viko ukuta mmoja. Hewa ikiingia itokee wapi? Upepo hauingii chumba kisichokuwa na pa kutokea, unagonga unarudi. Mlango wa korido uachwe wazi, na dirisha la upande wa pili wa nyumba pia. Na tazama muda: nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga, nje kukipoa, fungua pande zote hadi asubuhi. Nyumba nyingi nilizofanyia kazi watu hufanya kinyume, mchana madirisha wazi, usiku yamefungwa.

Feni mnalo? Feni halipozi chumba, linampoza mtu aliyekaa mbele yake. Kuliacha linazunguka sebule tupu ni kulipia umeme wa kuburudisha makochi.

Baridi Tele

Wakuu mnamzungusha dada wa watu. Shemeji yuko sahihi. Weka kiyoyozi, washa, lala. Mimi ninacho mwaka wa nne sasa, sijutii.

Mzee wa Kenchi

Mkuu, sebule yako inatazama wapi?

Baridi Tele

Mashariki.

Mzee wa Kenchi

Basi.

Sikukatazi dada, kiyoyozi si dhambi. Ila kazi ya kile chombo ni kutoa joto nje. Jua likiwa bado linaingia, kitakuwa kinatoa huku kinaletewa, na mtalazimika kununua kikubwa. Zuia jua kwanza, ndipo mpime kama bado mnakihitaji, na cha ukubwa gani. Na mkija kukiweka, lile boksi la nje lisikae ukuta huo wa magharibi. Kwangu fundi alilifunga hapohapo kwa sababu bomba lilikuwa fupi, nami sikuwepo siku hiyo. Alasiri likawa linajaribu kutoa joto huku lenyewe limeota jua.

Bibi Bustani

Mwanangu Mama Pazia, usigombane na mama mkwe kwa ajili ya majani. Ana hoja. Nitaifikia.

Mti ni jambo jema, lakini haukupi kivuli jioni ya kesho. Miaka mitatu minne utakuwa unautazama tu. Kwa hiyo si mti au neti. Neti ya sasa, mti wa baadaye, na kati yao mmea wa kutambaa. Mimi ningeanza na zege.

Zege linakunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Ndilo hilo unalolikanyaga saa tatu. Tena linarudisha mwanga dirishani kutoka chini, mahali ambapo hakuna pazia litakaloukinga. Huna haja ya kulivunja lote, maana tope litarudi na utalaumiwa. Vunja ukanda wa mita moja kando ya ukuta chini ya dirisha, na mraba wa mti, walau mita moja na nusu kila upande. Njia ya kutoka mlangoni hadi getini iache kama ilivyo. Mtakanyaga pakavu, na ardhi mbele ya dirisha itapumua. Udongo wenye unyevu na majani haupati moto kama zege, kwa sababu maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto.

Sasa mti usimame wapi? Hapa wengi hukosea. Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Machi na Septemba huzama magharibi kamili, Juni linasogea kaskazini, Desemba linasogea kusini. Ukipanda kwa kufuata kivuli cha leo, miezi sita baadaye jua litapita pembeni. Kaa kwenye kochi lile lililopauka, mwenzio asimame nje na mti wa fagio, msogezane hadi mpate pale ambapo kwenu ni pabaya zaidi katika miezi ya joto. Kochi linajua kuliko sisi.

Kutoka ukutani weka mita tatu na nusu hivi, kulia na kushoto uache umbali kutoka bomba na shimo. Miti ya jamii ya mkuyu usiiguse kabisa, mizizi yake inafuata unyevu na ikikuta bomba lenye ufa inaingia. Tafuta mti wa kimo cha wastani. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mfuko wa mche, lakini kina kiwe cha mfuko tu. Ukichimba zaidi, udongo hutulia, mche unazama na shina linaozea chini. Mwagilia mara chache kwa maji mengi, si kikombe kila jioni, ila zile wiki za mwanzo usiuache ukauke. Kikombe cha kila jioni kinafundisha mizizi kukaa juu.

Mmea wa kutambaa usiubandike ukutani. Simamisha fremu au waya, futi moja kutoka ukutani, hewa ipite na siku ya kupaka rangi fundi apate pa kuingiza brashi. Asumini itakufaa dirishani, jioni itawanukia. Bogenvilia inapenda jua kali na haideki, ila miiba yake na dirisha lenye watoto sioni vikipatana.

Na majani. Mti wenye majani madogo utamtesa mama, yanaingia kwenye nyufa na fagio linayapita juu. Makubwa yanaokotwa. Mwambie asiyapeleke jalalani, ayalaze chini ya mti unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Yanatunza unyevu.

Kobe

Naongeza dogo tu kwa wenye vyungu: sahani za chini zimwagwe kila wiki bila kukosa. Kwenye joto yai la mbu linakuwa mbu ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Nilijenga kibustani kizuri mno, nikawa nakitazama kwa dirishani kwa sababu ya kuumwa.

Mama Pazia

Nimerudi na mrejesho, wiki ya tano sasa.

Kabla ya kununua chochote tulifunga shuka kuukuu nje ya dirisha kwa kamba mbili, siku tatu. Majirani walidhani tumefiwa. Nilitundika kipimajoto ukutani mbali na jua: saa kumi na moja bila shuka kilisoma 33, na shuka 30. Siku hazifanani, najua, lakini mume alikisoma mwenyewe, akanyamaza. Tumenunua neti. Inashushwa saa nane na binti yangu, ni kazi yake.

Mapazia ya damu ya mzee nimeyashonea kitambaa cheupe upande wa kioo. Mlango wa korido tunauwekea tofali, maana ulikuwa unajifunga. Hilo la tofali, Mzee wa Kenchi, sikulitegemea. Usiku wa kwanza nikaamka kujifunika.

Zege tumevunja ukanda tu, mraba wa mti bado. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Chini yake udongo ulikuwa mgumu kama tofali, mweupe, hauna hata mnyoo. Tulichimba, tukachanganya mboji, tukasimamisha waya. Mche wa asumini aliuchagua mama mkwe mwenyewe, baada ya kusema hataki mmea wowote.

Kiyoyozi kinasubiri Desemba. Mume anasema jua likihamia kushoto tuone kama neti itatosha upana, na hapo nakubaliana naye.

Limebaki tatizo moja. Bibi, nimeweka majani makavu kwenye ukanda kama ulivyosema. Kila asubuhi nakuta yamefagiwa yote, udongo una michirizi ya fagio kama umechanwa nywele. Nimemweleza mama mara tatu. Anasema ameelewa. Kesho yake tena.

Bibi Bustani

Haachi huyo, mkono umezoea. Juu ya majani panga mawe ya ukubwa wa ngumi, yakaribiane. Fagio litayaruka lenyewe, na asubuhi mpe ndoo ya maji aumwagilie mche wake.