Tupeane uzoefu: kempu na masharti yao kwa matineja

MtuWaNjiro

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu na wenzake wamemaliza kidato cha nne na wimbo wao sasa hivi ni mmoja tu, kwenda kupiga kambi kabla matokeo hayajatoka. Nikasema sawa, nikaanza kupiga simu. Kempu ya kwanza, hata salamu sijamaliza, dada wa mapokezi ananiuliza, "Wana umri gani?" Nikamwambia kumi na sita, kumi na saba. "Hao peke yao hatupokei, baba. Wakija na mtu mzima tutaongea, na kila hema lina dipoziti yake." Ya pili wavulana watupu hawawataki kabisa, labda waje na familia. Ya tatu hawakuuliza lolote, walichotaka ni hela itumwe leo leo. Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko zote.

Sipingi masharti. Nataka tu kujua yapi yana maana na yapi yamewekwa kwa sababu mwenye kempu hapendi sura za vijana. Aliyepitia atuambie, awe mzazi, awe kijana mwenyewe, awe mwenye kempu.

MamaPendo_Nax

Sisi tulienda Naivasha, zile kempu za kando ya ziwa, na wanangu na mabinamu zao, mkubwa akiwa na kumi na saba. Tulipofika, soja mmoja mzee akawaita vijana peke yao. Sisi wazazi akatuambia tuendelee kushusha mizigo. Akawapeleka hadi kwenye ule waya wa umeme karibu na maji, na mimi kwa umbea wangu nikafuata nyuma polepole. Akawaonyesha njia ya kiboko: majani yamelala, matope yana nyayo za vidole vinne vinne, na vichaka vya pembeni vimerukiwa na mavi kwa sababu kiboko huyatawanya kwa mkia. Akawaambia jua likizama hawa jamaa wanatoka majini kuja kula nyasi, na huu waya mnaouona, kuna siku stima hupotea. "Ukijikuta umesimama kati yake na maji, usitegemee mbio zako." Neno marufuku halikumtoka mdomoni. Usiku ule hata yule mkaidi wangu alienda choo na mwenzake, tochi mbili.

Sasa sikieni ya pili. Kempu hiyo hiyo ina bango pale baa: walio chini ya miaka 18 wasionekane hapa kuanzia saa mbili usiku. Na meza ya pool iko ndani ya baa! Watoto walitaka pool na chipsi, basi. Mhudumu akawafukuza kwa kelele mbele ya watu wazima wote wale. Wakarudi wamenuna, na kesho yake hakuna aliyetaka kusikia sharti lingine lolote, hata la maana.

WakiliWaMtaa

Mama Pendo, hapo kwa baa usimlaumu mhudumu. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inanyweka, awe ananunua au anacheza pool. Kwa hivyo hata hiyo saa mbili ni ukarimu wake tu, saa nane mchana pia hawangefaa kuwa humo. Leseni ikienda, kempu yote inaumia. Wa kuulizwa ni yule aliyeamua meza ikae humo badala ya pale nje chini ya mti.

MamaPendo_Nax

Haya wakili, nimekubali nusu. Ila mtu anaweza kumtoa mtoto baa bila kumvunjia heshima.

MjombaMkorofi

Mnawatetea sana hawa madogo. Mimi nililala Kigamboni, hema langu na la mke wangu, pembeni limekuja kundi la vijana na spika moja kubwa inabebwa na watu wawili. Saa nane usiku bado singeli. Nikaenda kuwaomba kistaarabu, kakajitokeza katoto ka miaka kama kumi na tano kananiambia, "Anko, bichi ya wote." Mlinzi kalala. Asubuhi wamejilalia zao fofofo, mchanga umejaa vichupa vya pombe kali mpaka unaogopa kutembea pekupeku. Mwenye kempu akaniambia hana sheria ya umri kwa sababu anaogopa kupoteza wateja. Basi mimi na mke wangu ndio aliotupoteza.

Halafu msijifanye kuwawekea watoto masharti ni jambo la Wazungu. Nyie mmesahau disko toto, yale madisko ya watoto siku za sikukuu? Tabora mwaka 2008, siku ya Idd, watoto wapatao 20 walikufa ukumbini kwa kubanana na kukosa hewa. Mpaka leo sikukuu ikikaribia makamanda wa polisi wa mikoa wanatangaza disko toto marufuku, na wazazi wale wale wanaolalamika hapa huwa wanashukuru kimyakimya.

MtuWaNjiro

Mjomba, hoja ya spika nimeipokea. Lakini ya Tabora ni ukumbi uliojazwa kupita kiasi, na aliyeujaza ni mtu mzima aliyekuwa anauza tiketi. Tusiwabebeshe watoto.

NipoLeeds

Huku Uingereza nyie mngelia. Kempu nyingi zimeandika kabisa kwenye masharti: familia na wapenzi wawili wawili tu, makundi ya wavulana watupu au wasichana watupu hapana, chini ya 18 bila mzazi hapana, na nyingine wanapandisha mpaka 21. Nilidhani ni roho mbaya tu hadi mwenye kempu mmoja aliponieleza upande wake. Mkataba na mtoto wa chini ya miaka 18 huku England hauna meno. Akivunja bomba la bafu, utamdai nani? Ndiyo maana wanataka jina na sahihi ya mtu mzima. (Scotland ni sheria nyingine, kule miaka 16 tayari unaweza kufunga mkataba mwenyewe, na bado kempu nyingi zinang'ang'ania 18.)

Mpwa wangu alipomaliza mitihani ya GCSE, yeye na wenzake wakataka kupiga kambi Cornwall, kule pwani ya kusini magharibi. Sasa huko kuna mji unaitwa Newquay, kila mwezi wa sita na wa saba ulikuwa unafurika watoto waliomaliza mitihani. Mwaka 2009 vijana wawili walikufa kwa nyakati tofauti kwa kuanguka kwenye majabali ya bahari usiku. Baada ya hapo polisi, halmashauri na wafanyabiashara wakaungana, ikafika mahali mabegi ya vijana yanakaguliwa pombe pale pale stesheni ya treni. Kwa hiyo ukiona kempu za upande ule zinauliza umri kabla ya jina, zina sababu.

Mwishowe walipata kempu moja kwa sharti kwamba mama wa mmoja wao awepo. Akapiga hema lake uwanja wa pili, mbali nao, akajisomea vitabu vyake. Vijana walivalishwa utepe wa rangi ya machungwa mkononi ili baa na duka wawajue. Hilo hawakulichukia kabisa, walipiga nao picha. Walilolichukia ni hili: kosa la mmoja, kundi zima linatolewa, na hela hairudi. Usiku wa pili kundi la jirani lilitolewa hivyo saa saba usiku. Watoto wa miaka kumi na sita, mvua inanyesha, kijijini, treni ya kwanza ni asubuhi. Yule mama ndiye aliyewaita wakakaa kwenye gari lake mpaka kulipopambazuka. Mimi hapo ndipo ninapogoma. Kama umekataa kuwapokea bila mzazi kwa sababu ni watoto, huwezi kuwatupa barabarani usiku kana kwamba ni watu wazima. Mpigie mzazi simu, wanyang'anye spika, subiri asubuhi.

DogoWaMeru

Naomba niseme kama mmoja wa hao mnaowajadili, juzi juzi tu nimepita 18. Shuleni nilifanya President's Award, ile programu ya tuzo kwa vijana, imekuwa Kenya tangu 1966, unaanza Bronze ukiwa na miaka 14. Safari ya Bronze ni siku mbili na usiku mmoja, Silver siku tatu, Gold siku nne. Masharti yalikuwa mengi kuliko ya kempu yoyote mliyotaja hapa: simu mpaka uwe na sababu, pombe ukishikwa unarudi nyumbani na Award imeisha, hema za wasichana kule na za wavulana huku, ramani mnasoma wenyewe, chakula mnapika wenyewe, sufuria mnasugua wenyewe na majivu. Patroni hakai na nyinyi. Anawangoja mbele, kwenye kituo, anaangalia kama mmefika na kama bado mnaongea.

Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alikuwa na kazi. Mimi nilikuwa wa maji, nikisahau kuchemsha watu wanalala na kiu.

Sasa tukamaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, watu wale wale, hema zile zile, tukarudi kempu ile ile Desemba. Getini: "Mtu mzima yuko wapi?" Tukamwonyesha hata vitabu vyetu vya Award. Akasema vitabu havilipi kitanda kikivunjika. Kempu, wazee. Kitanda kipi?

MjombaMkorofi

😂 Huyu dogo mwacheni aingie.

BintiWaKöln

Ujerumani kitu kitakachowashinda watoto wetu si umri, ni saa. Kempu nyingi zina kimya cha usiku kuanzia saa nne, hicho tunakielewa. Ila kuna na kimya cha mchana, saa saba mpaka saa tisa! Geti la magari linafungwa. Ukifika saa saba na dakika tano unaegesha nje na kusubiri, na huruhusiwi hata kugonga vigingi vya hema. Mdogo wangu alitoka Mombasa akiwa na miaka kumi na mitano, akatoa mpira saa nane mchana. Alipopiga mguso wa kwanza tu, bibi wa karavani ya jirani akatoka na saa ya mkononi, akagusagusa kioo chake kwa kidole bila kusema neno. Dogo mpaka leo anamwigiza.

Kuhusu pombe, hapa bia na divai ni kuanzia miaka 16, vikali 18. Kwa hiyo unakuta tineja wa kijerumani ana bia yake mkononi kihalali, lakini akipiga mpira saa nane mchana ni mhalifu. Kila nchi na uchungu wake.

MshiWaBukavu

Wandugu, mie niko Lyon. Ufaransa iko wazi: kempu zinafuata kielelezo cha kanuni cha serikali cha 2014, na kinasema mtoto asiye na wazazi wake hapokelewi mpaka awe na ruhusa yao ya maandishi. Sisi tuliandika barua moja: majina, tarehe ya kuja na ya kuondoka, nambari ya simu, kopi ya kitambulisho changu. Getini waliisoma, wakapiga simu moja kuhakikisha, wakawaonyesha vijana pa kupanga. Hakuna fujo. Kama kempu za kwetu zingekubali barua namna hii, nusu ya haya malalamiko ingekwisha.

NyumbaniKabale

Umri mwingine usio na mjadala: kwenda kuona sokwe wa milimani, Uganda na Rwanda ni miaka 15 na kuendelea. Tulipiga kambi karibu na msitu wa Bwindi, Uganda, na binti wa miaka kumi na nne, tena mrefu kuniliko. Mhifadhi alitazama pasipoti, akasema pole. Mafua ya mtoto yanaweza kumuua sokwe, na mtoto akishtuka akakimbia kundi zima linaharibika. Binti alilia kidogo kisha akashinda na walinzi wa kempu wakimfundisha kusuka vikapu. Vibali vyetu vilikuwa vimelipiwa, kwa hiyo sisi wengine tulienda, mama yake akabaki naye. Ulizeni umri kabla ya kulipa.

MhudumuKaratu

Nimesoma zote. Mimi nafanya kazi kwenye kempu, jina lake silitaji. Niwaambie kinachotutoa jasho, na si pombe. Ni moto. Karatu mwezi wa saba kuna baridi, vijana usiku wanachukua jiko la mkaa walilochomea nyama, wanaliingiza hemani, wanafunga zipu. Ule mkaa unatoa hewa chafu isiyo na harufu, unalala na huamki. Mtu mzima naye hufanya hivyo, msidhani, ila vijana wanajazana sita kwenye hema la watatu na wanaziba kila tundu. Kila usiku vijana wakiwepo napita mara ya mwisho nikihesabu majiko, si watu. Majiko yote yakiwa nje, nalala.

Sharti la kutokuwachukua bila mtu mzima halikuanzia kwangu, ni la bosi. Mimi ningewachukua kama kuna mmoja kati yao mwenye jina lake kwenye kitabu, ambaye nikimwamsha usiku anaamka. Dipoziti nayo ina maana pale tu mnapokagua hema pamoja kabla hawajalala ndani, mzazi apige picha ya kila tundu na kila zipu. Vinginevyo kuna kempu zinakata dipoziti kwa tundu la mwaka juzi.

MtuWaNjiro

MhudumuKaratu, ubarikiwe. Swali: hiyo barua ya ruhusa kama ya huyo ndugu wa Lyon, nikiandika bosi wako ataikubali?

MhudumuKaratu

Andika, weka na kopi ya kitambulisho chako na simu inayopatikana usiku, siyo ile ya kuzima saa tatu. Weka na jina la kijana mmoja kiongozi. Bosi atakataa mara ya kwanza, mwambie utalala lodge ya karibu, utakuja asubuhi na jioni. Hapo wengi wanalegea. Kuni wasilete, wasikate, wanunue hapa hapa. Na uwape mablanketi ya kutosha, mawili kwa kila mmoja.